Watoto wa Dunguni

Mwaka 1983 nilikuwa kijana wa kazi katika nyumba moja ya Oysterbay. Kila nikitumwa Morogoro Stores nilichelewa kurudi kwa makusudi, maana pale walikaa wachoraji wa Tingatinga. Mwenyewe, Edward Saidi Tingatinga, alishafariki tangu 1972. Kazi ilishikwa na wanafunzi na jamaa zake, wengi wao watu wa Tunduru kama yeye.

Mmoja wao nilizoea kumkalia karibu. Alipaka hadibodi nzima rangi moja, akaianika juani, ikikauka ndipo anaweka maumbo. Rangi zilikuwa zile za kung'aa za kupakia baiskeli, na mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi hata hizo zilipatikana kwa kujuana. Wenzake walichora tembo, chui na ndege wenye mikia mirefu, kwa kuwa ndivyo wageni walivyonunua. Yeye siku moja alichora watoto wawili juu ya dungu, chini yao mpunga unaiva. Mvulana anazungusha kombeo. Msichana ana mtoto mgongoni, mkononi anavuta kamba iliyofungwa makopo, na mdomo ameuacha wazi kabisa.

Mimi Mrufiji, dunguni nimelala sana. Nikamwambia, "Kaka, hawa wanaamia ndege."

Akacheka. "Wewe ndiye wa kwanza kujua. Wengine wote wananiuliza tembo yuko wapi."

Ule mdomo ndio ulionishika. Kombeo peke yake haliwawezi kwelea. Unapiga kelele tangu alfajiri, adhuhuri ikifika sauti huna. Aliyechora vile hakuhadithiwa.

Baadaye alipita mama mmoja wa Kizungu, akaipenda, akasema watoto wanacheza vizuri. Mchoraji akaitikia tu (angebishana vipi na mteja, na nyumbani wanamsubiri?), akaifunga kwa gazeti. Rangi ilikuwa bado mbichi, karatasi ikagandia pembeni.

Siku hizi picha za maisha ya kijijini ni nyingi pale kwenye kituo cha wachoraji wa Tingatinga, na watoto wengi humo wanasukuma matairi na kuruka kamba. Sizikatai, michezo ilikuwepo. Lakini kwetu Rufiji mpunga ukishatoa masuke, matairi yaliegeshwa ukutani, na hata darasani nusu ya madawati yalikuwa matupu.