Mkono wa Baridi

Kwa miaka mingi niliufundisha moyo kwa chaki mbili, nyekundu na ya buluu. Nilichora vyumba vinne ubaoni, nikaipeleka damu mapafuni, nikairudisha, kisha nikaisambaza mwilini kwa mshipa mkuu. Wanafunzi walinakili, na mtihani ulipokuja wengi walijibu vizuri. Lakini sikuwahi kuwauliza, wala wao hawakuniuliza, mwili hufanya nini pale damu inapopungua au moyo unapochoka. Jibu nililiona mara mbili, na mara ya kwanza nililiona bila kulielewa.

Ilikuwa Novemba 1987, msimu wa maembe. Mvulana wa darasa la tano alianguka kutoka kwenye mwembe ulio nyuma ya madarasa, ubavu wake wa kushoto ukagonga tawi. Hakuvunjika mfupa wala hakutoka damu. Alilia kidogo, kisha akanyamaza na kuomba maji. Tulimlaza mkekani ofisini kwangu, nami, kwa mamlaka ya mwalimu mkuu, nikatangaza kwamba ni mshtuko tu, aachwe apumzike.

Waama, neno hilo lilinipoteza. Chuoni tulifundishwa huduma ya kwanza, na mshtuko ulikuwamo katika kitabu. Lakini katika maneno ya kila siku mshtuko ni hofu ya ghafla, na hofu hutulizwa kwa upole. Karibu saa nzima ilipita hivyo. Aliyeniamsha ni mwalimu wa kike aliyekuwa akimpepea mtoto. Aliniambia, "Mwalimu Mkuu, hebu mshike mkono." Nikaushika. Ulikuwa wa baridi na umelowa jasho, na mapigo yake yalikimbia kama cherehani, membamba hata nikayapoteza kidoleni. Tukasimamisha Land Rover ya misheni iliyokuwa ikipita. Hospitalini walikuta bandama limepasuka na tumbo limejaa damu. Wakampasua, akapona. Leo ni dereva wa basi, na tukikutana hunishukuru mbele za watu, jambo linalonitia haya.

Mara ya pili mgonjwa nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka sitini na mmoja nilipomsindikiza mama watoto zahanati, muuguzi akanipima presha kwa kuwa nilikuwa nimekaa tu. Ikasoma 180 juu ya 110. Hata 140 juu ya 90 huhesabiwa kuwa ni presha iliyopanda. Mimi sikusikia chochote, si kichwa wala kizunguzungu. Nilimeza vidonge miezi mitatu, nikajiona mzima kama nilivyokuwa kabla, nikaviweka juu ya kabati. Ndugu msomaji, usinicheke peke yangu. Kwetu watu husema "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka" kana kwamba ni wageni wawili wanaobisha hodi kabla ya kuingia. Mgeni wangu hakubisha.

Kumbe moyo ulikuwa ukisukuma damu, mara laki moja hivi kila siku, katika mishipa iliyokaza. Msuli wake ulinenepa kama mkono wa mchukuzi wa magunia. Tofauti ni kwamba mchukuzi hupumzika jioni. Msuli wa moyo unaonenepa hukakamaa, huhitaji damu nyingi kuliko inayoufikia, na baada ya miaka hutanuka na kulegea. Mwaka 2019 miguu ilianza kuvimba, nikalaumu viatu. Nikaanza kulalia mito mitatu, nikalaumu uzee. Usiku mmoja niliamka nikitafuta hewa kama mtu aliyetolewa majini, na mama watoto hakuniuliza tena maoni yangu, akaita gari.

Daktari alikuwa binti mdogo, rika la wajukuu zangu. Aliniambia moyo umetanuka. Nikajaribu mzaha, nikasema kuwa na moyo mkubwa kwetu ni sifa. "Huu si wa sifa, Mzee," akajibu, akachukua karatasi na kuchora moyo. Vyumba vinne, kama mimi. Kisha akachora kitu ambacho mimi sikuwahi kukichora: mafigo.

Maelezo yake nayaeleza kwa maneno yangu. Mafigo hayana macho. Huijua hali ya mwili kwa damu inayoyafikia. Mtu akivuja damu, mafigo huona kidogo kinakuja, nayo hupiga mbiu. Neva nazo zimekwisha kupiga ya kwao: moyo ukimbie, mishipa ya ngozi na ya utumbo ibanwe ili kilichobaki kiende kwenye ubongo na moyo. Mafigo huzuia chumvi na maji yasipotee, na kiu hukamata. Ndiyo maana mtoto yule aliomba maji, na ndiyo maana mkono wake ulikuwa wa baridi. Mwili ulikuwa umeifungia ngozi mlango ili ulishe ubongo. Ulinzi huo ndio uliomshikilia hai saa nzima niliyompotezea. Lakini una kikomo; mishipa ikishindwa kubana zaidi, presha huporomoka, na hapo hata daktari hodari huweza kuwa amechelewa.

"Sasa kwako, Mzee," akasema, "hakuna damu iliyovuja. Moyo ndio unaosukuma kidogo. Lakini mafigo hayajui."

Nilikaa kimya muda mrefu. Mafigo yangu yalikuwa yakinihudumia kama mtu aliyeanguka mwembeni. Yalishika chumvi, yakashika maji, yakaiamuru mishipa ikaze, na moyo uliokwisha kuchoka ukapewa mzigo mkubwa zaidi, ukasukuma kidogo zaidi, mafigo yakaongeza juhudi. Maji yaliyozidi yakashuka miguuni na kuingia mapafuni. Ulinzi uliomwokoa mtoto kwa saa moja ulikuwa ukiniua mimi kwa miezi.

Dawa zangu, pamoja na ile ya kukojoza, nyingi kazi yake ni kuinyamazisha mbiu hiyo. Jamii mojawapo ilianzia kwenye sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaca, ambaye akimuuma kiumbe presha yake hushuka. Mwaka 1965 mtafiti Sérgio Ferreira alieleza kitu kilichomo katika sumu hiyo, na baadaye wanasayansi wengine wakakitumia kutengeneza kidonge. Nilipomweleza mama watoto alikitazama kidonge kwa mashaka siku kadhaa.

Sasa kila asubuhi, baada ya haja ndogo na kabla ya chai, napanda mzani. Kilo zikiongezeka mbili kwa siku chache, si unene, ni maji, nami nina agizo la kwenda kliniki bila kungoja tarehe yangu. Naandika uzito katika daftari la mahudhurio lililobaki tangu enzi za shule, wino wa buluu kwa siku njema na mwekundu kwa siku mbaya. Jumanne iliyopita niliandika kwa mwekundu. Mama watoto alilisoma daftari, hakusema neno, akaliondoa mezani bakuli la kayabo, yule sangara wa chumvi nimpendaye, akampelekea jirani.