Mvua Imekuja

Sentensi niliyoipenda kuliko zote katika uhakiki ule ilisema kwamba msimulizi ni mwoga anayekula jasho la mtu mwingine na, kibaya zaidi, anajua. Niliiandika saa nane za usiku katika chumba changu cha hosteli hapa Bengaluru, nikaisoma kwa sauti, nikalala nimeridhika. Siku tatu kabla ya hapo, ada yangu ya muhula ilikuwa imeingia kutoka kwa baba mdogo. Mambo hayo mawili hayakukutana kichwani mwangu.

Nasoma shahada ya uzamili katika fasihi, na kwenye kozi moja tunatakiwa kuhakiki riwaya za waandishi wa India walio hai. Baadhi ziwe tafsiri kutoka lugha za huku. Mhadhiri wetu ana sharti moja ambalo mwanzoni nililiona la ajabu: aya ya kwanza isiitaje India. Anasema wahakiki wengi wa nje huifungua riwaya kama ramani. Wanatafuta matabaka, ndoa za kupangwa, treni zilizojaa na harufu ya viungo, kisha wanamshukuru mwandishi kwa kuwaonyesha njia. Nilimwelewa haraka kuliko wenzangu. Tangu Abdulrazak Gurnah apewe Nobel mwaka 2021, nikisema natoka Tanzania hakosekani mtu aliyesoma kitabu chake kimoja, na ambaye sasa anataka kunieleza Zanzibar ikoje. Mimi kwetu Dar es Salaam.

Riwaya mbili za kwanza hazikunisumbua. *The White Tiger* ya Aravind Adiga, iliyopata Tuzo ya Booker mwaka 2008, inasimuliwa na Balram, dereva aliyemuua tajiri wake, akachukua fedha, akaja kuanzisha biashara ya teksi hapa hapa Bengaluru. Ina kasi, ina ucheshi mchungu, na inamrahisishia kazi msomaji kwa jambo moja: unakaa upande wa dereva. Sijakutana na msomaji anayejiona kwenye kiti cha nyuma cha lile gari. Nilimaliza nikihisi nimeiona dhuluma vizuri na kwamba hainihusu. *A Burning* ya Megha Majumdar, ya mwaka 2020, ilinisogelea kidogo. Mle kuna mwalimu wa michezo, mtu wa kawaida kabisa, anayeanza kutoa ushahidi wa uongo mahakamani kwa faida ya chama cha siasa, na maisha yake yanazidi kunyooka. Nikamhukumu naye, kwa maneno mazuri tu, nikapata alama nzuri.

Upande wa tafsiri sikujua pa kuanzia. Katiba ya India inaorodhesha lugha 22. Sisi wa nje tunawajua zaidi wanaoandika kwa Kiingereza, lakini ukiangalia Tuzo ya JCB, iliyoanza mwaka 2018, kati ya vitabu sita vya kwanza kushinda vitano vilikuwa tafsiri, kutoka Kimalayalam, Kiurdu na Kitamil. Mwaka 2022 *Tomb of Sand* ya Geetanjali Shree, kwa tafsiri ya Daisy Rockwell, ikawa riwaya ya kwanza kutoka Kihindi kupata Booker ya Kimataifa. Niliikuta kwenye duka la vitabu pale Church Street. Ni nene kama tofali, na tarehe ya kukabidhi kazi ilikuwa karibu. Kwa hiyo nakiri bila aibu kwamba niliichagua *Ghachar Ghochar* kwa sababu ni nyembamba.

Vivek Shanbhag aliiandika kwa Kikannada, lugha ya jimbo hili la Karnataka, na Srinath Perur akaitafsiri kwa Kiingereza. Msimulizi, ambaye hatuambiwi jina lake, anakaa kwenye mgahawa wa kahawa kwa sababu hataki kurudi nyumbani. Familia yake iliwahi kubanana kwenye nyumba ndogo iliyojaa sisimizi. Baba alikuwa mfanyakazi wa mauzo. Alipopoteza kazi, mdogo wake akaanzisha biashara ya viungo: wananunua kwa wingi, wanafunga kwenye pakiti ndogo, wanauza. Fedha zikaja, wakahamia nyumba kubwa. Msimulizi anapokea mshahara wa mkurugenzi bila kufanya kazi yoyote. Nyumba nzima inamzunguka yule mdogo wa baba, chakula chake, chai yake, utulivu wake, kwa kuwa ndiye anayeleta.

Huyo wanamwita Chikkappa. Mtafsiri ameliacha neno lilivyo, nami nilidhani ni jina lake. Aliyenifungua macho ni rafiki yangu wa darasani, mzaliwa wa Hassan, ambaye Kikannada ni lugha ya mama yake. Tulikuwa tunakunywa kahawa India Coffee House. Akanieleza kwamba *chikka* ni dogo, *appa* ni baba.

Baba mdogo! Nilipiga meza mpaka mhudumu akageuka, na kilemba chake cheupe. Kiingereza kina neno moja tu linalowabeba baba mdogo, mjomba na mume wa shangazi kwa pamoja, na huku mitaani linambeba hata muuza matunda. Baba mdogo ni baba. Ana haki ya kukugombeza na wajibu wa kukusomesha, na humwiti kwa jina lake. Nikaandika aya nzima kwamba msomaji wa Kiswahili anaingia kwenye kitabu hiki kwa mlango ambao msomaji wa London hajapewa ufunguo wake. Nilijiona mjanja sana.

"Na wewe unaye?" rafiki yangu akauliza.

"Ninaye."

"Anafanya kazi gani?"

"Ana malori. Ndiye anayenilipia ada."

Akatikisa kichwa kwa ile namna yao ambayo si ndiyo wala hapana, akaendelea na kahawa yake.

Kuna jambo jingine kuhusu kitabu hiki ambalo lazima niliseme, maana ndilo lililoniumbua. Maneno ya jina lake hayamo kwenye kamusi ya Kikannada. Nilipomwambia rafiki yangu kwamba sisi tuna shaghalabaghala alifurahi, akalirudia mara nne, lakini hayo mawili hayafanani. Shaghalabaghala ni mali ya kila mtu. *Ghachar ghochar* ni neno la nyumba moja. Lilizaliwa kwa watoto waliokuwa wakihangaika na uzi wa tiara uliojifunga mafundo, na Anita, mke wa msimulizi, analeta neno hilo la kwao kwenye ndoa yake na kumpa mumewe.

Kila nyumba ina neno la aina hiyo, nikaandika kwenye rasimu, nikaanza kutafuta mfano wa kwetu. Hapo ndipo nilipokwama.

Sisi tulikuwa na "mvua imekuja".

Nikiwa mdogo tulipanga vyumba viwili Manzese. Baba alikuwa karani wa ghala, na kodi ilikuwa ikichelewa. Mwenye nyumba alikuwa na desturi ya kuja jioni bila taarifa, na kandambili zake zilisikika kutoka uchochoroni. Wa kwanza kumsikia alisema, si kwa sauti kubwa, "mvua imekuja," na kila mtu aliijua kazi yake. Redio inazimwa, taa inazimwa, mlango unasukumiwa komeo, mdogo wangu wa kike anapakatwa. Tunakaa kimya mpaka kandambili ziondoke. Siku moja mdogo wangu aliangua kicheko, mama akamziba mdomo, halafu mama mwenyewe akaanza kucheka, na sote tukawa tunacheka bila sauti gizani, mabega yakitikisika. Katika kumbukumbu zangu za Manzese hiyo ni mojawapo ya nzuri.

Ghala lilipofungwa, baba mdogo alikuwa dalali wa mahindi sokoni Tandale. Akapata Fuso moja, kisha ya pili, ya tatu. Tukahamia Goba, nyumba yenye geti, mlinzi na mwarobaini nje ya ukuta. Baba mdogo hakuwa ameoa. Chumba chake ndicho kilichokuwa na kiyoyozi kwanza, na hakuna aliyeona hilo kuwa neno. Sisi watoto tulifundishwa kutopiga kelele akilala mchana.

Jumapili moja, miezi michache kabla sijasafiri, nilikuwa sebuleni natazama mpira. Shangazi alikuwa dirishani. Akashusha pazia, akasema, "Mvua imekuja."

Nilitabasamu kwanza. Ilikuwa imepita miaka mingi bila mtu kulitamka. Halafu nikafanya nilichozoeshwa: nikapunguza sauti ya televisheni.

Nje ya geti kulikuwa na mwanamke na mtoto wa miaka kama mitatu. Alikuwa amemuulizia baba mdogo kwa jina lake la utotoni, ambalo kwetu ni bibi tu aliyekuwa akilitumia. Mkononi alishika kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni. Shangazi akatoka barazani, akasema hapa hakuna mtu wa jina hilo. Mama akamfuata, akaongeza maneno ambayo sikujua anayafahamu, na siyaandiki. Baba alikuwa na gazeti lake, hakugeuza ukurasa. Baba mdogo alikuwamo ndani. Viatu vyake vilikuwa mlangoni pa chumba chake. Yule mwanamke alikwenda kukaa kwenye jiwe chini ya mwarobaini mpaka karibu na magharibi. Mtoto aliomba maji, mlinzi akampa. Najua kwa sababu nilisikia, na nilisikia kwa sababu nilikuwa nimepunguza sauti.

Jumatano iliyofuata baba mdogo aliniita, akanipa risiti ya benki ya malipo yangu ya kwanza ya chuo. "Profesa," alisema. Ndivyo anavyoniita tangu nilipofaulu kidato cha sita. "Wewe utatutoa." Niliipokea kwa mikono miwili.

Katika *Ghachar Ghochar* kuna mwanamke anayekuja mlangoni. Amemletea Chikkappa chakula anachokipenda. Wanawake wa nyumba ile wanamtukana na kumfukuza, wanaume wanasikia, na Anita peke yake ndiye anayethubutu kuuliza kwa nini. Nilikuwa nimekwisha kuisoma sehemu hiyo mara mbili. Mara zote mbili niliwekea alama pembeni, kwa penseli, kuhusu jinsi mwandishi anavyoendesha kasi. Sikuliona geti letu.

Ninajaribu kuelewa ilikuwaje, kwa sababu nadhani hapo ndipo ulipo ustadi wa Shanbhag, na uhakiki wangu ulikuwa umeupita. Hamshtaki msimulizi wake. Anamfanya mcheshi, mpole, mtu unayeweza kukaa naye mgahawani. Anakupa kwanza ule umaskini, sisimizi, mshikamano wa watu wanaohesabu fedha pamoja, na unawapenda. Fedha zinapoingia unafurahi nao. Mpaka yule mwanamke anapofika, msomaji keshakula mezani kwao. Balram alinitoa nje ya nyumba ya tajiri, nikaona kila kitu kutoka barabarani. Shanbhag alinikaribisha ndani.

Katika rasimu nilikuwa na lalamiko moja: kwamba amewabebesha wanawake ukatili wote wa nyumba ile na kuwaachia wanaume majuto. Bado nadhani lina uzito. Ila na kwetu waliosema ni shangazi na mama. Vijana wa chuo na wazee wa magazeti hatukuhitaji kusema. Tulikuwa na watu wa kutusemea, na mwisho wa siku mikono yetu ilikuwa misafi, tukala.

Nilikabidhi uhakiki Ijumaa. Ile sentensi ya mwoga niliifuta, ingawa sikuona kosa ndani yake. Nilifuta pia aya ya ufunguo na mlango. Kilichobaki kilikuwa kifupi na kimechoka, na mhadhiri aliandika chini yake kwamba nusu ya pili inajua kitu ambacho haikisemi.

Nikampigia mama. Tuliongea kuhusu mgongo wake, kuhusu maji yaliyokatika Goba wiki nzima. Halafu nikamuuliza yule mtoto anaitwa nani.

"Mtoto gani?"

"Wa getini, mama. Ile Jumapili."

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. "Mwanangu," akasema, "uko mbali. Soma."

Usiku huo nilimwandikia mdogo wangu wa kike, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu ndiye aliyewahi kucheka wakati haturuhusiwi. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Alimjua yule mwanamke. Anauza chakula Mbezi, na mdogo wangu alikuwa akipita kwake tangu mwaka ule ule, akinunua wali maharage na kumpelekea mtoto madaftari. Hakuwahi kumwambia mtu. "Hakuna aliyeniuliza," aliandika. Kisha akanitumia jina la mtoto. Silitaji hapa. Ni jina la bibi yetu, mama yake baba mdogo.

Nimeliandika kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho wa *Ghachar Ghochar*, ambao ni mweupe. Rafiki yangu wa Hassan alikiazima kitabu, akaliona, akaniuliza ni neno la lugha gani. Nikamwambia ni la nyumbani.

Wiki iliyopita simu ililia nikiwa maktaba. Ujumbe wa baba mdogo: "Profesa, mzigo umefika?" Nilifungua akaunti yangu, nikaiona ada ya muhula wote, na ziada kidogo ya kujikimu. Niliandika jina la yule mtoto, na alama ya kuuliza. Nilikaa nalo kwenye kioo mpaka mwanga wa simu ukafifia. Nikalifuta.

"Umefika, baba," nikaandika. "Shikamoo."

"Marahaba. Soma."