Aliona au Aliambiwa?

Kwetu Bunia, mji wa Ituri mashariki mwa Kongo, mtoto hakutani na historia shuleni kwanza. Anakutana nayo nyumbani, usiku umeme ukiwa umekatika, wakubwa wakizungumza huku wakidhani wadogo wamelala. Huko ndiko nilikosikia nani alitangulia kufika Ituri, nani alimkaribisha nani, na nani alinyang'anywa mashamba. Kila nyumba ilikuwa na habari zake kamili, na ndani yake mkosaji alijulikana. Siku zote alikuwa mtu wa nyumba nyingine.

Historia ya sekondari ilikuwa ya kuandikishwa: Leopold wa Pili, mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, Lumumba, uhuru wa tarehe 30 Juni 1960. Hata Stanley, aliyekatiza msitu wa Ituri mwaka 1887 akimfuata Emin Pasha hadi Ziwa Albert, daftari letu lilimwacha kwenye mto Kongo. Tulikariri kwa ajili ya Mtihani wa Serikali, kisha tukasahau. Nikawa na historia mbili kichwani zisizosalimiana: ya shule, ambayo haikunihusu, na ya nyumbani, iliyonihusu kupita kiasi.

Zilikutana mwaka wa masomo wa 2013-2014, katika semina moja ya chuo. Wakati huo Ituri ilikuwa bado wilaya, na makao makuu ya jimbo yalikuwa Kisangani; tulipata jimbo letu mwaka 2015. Masomo mengine tulikuwa tumeyazoea: profesa anasoma, sisi tunaandika, mtihani ukikaribia tunanunua silabasi. Semina hii haikuwa na silabasi. Profesa wake, tuliyemwita Prof, alitugawa wawili wawili, na kwa makusudi kabisa akamuunganisha kila mmoja na mwenzake wa nyumba ya upande mwingine. Alisema hatapokea kazi ya mtu aliyeandika peke yake juu ya watu wake. Tukisoma tulichoandika, alituuliza maswali yaleyale: nani amesema hivyo? Aliona au aliambiwa? Alimwambia nani, na lini? Alikuwa amewasoma vizuri watu kama Jan Vansina, Mbelgiji ambaye kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu mapokeo ya mdomo kiliwafanya wanahistoria wengi wayachukue maneno ya wazee kuwa ushahidi, tena ushahidi wa kupimwa.

Kazi ya kwanza ilionekana ya kitoto: kuorodhesha sheferi na sekta, yaani maeneo ya utawala wa kienyeji, za Djugu na Irumu hapa Ituri. Tulizimwaga ubaoni bila kufikiri: Walendu-Pitsi, Walendu-Tatsi, Walendu-Djatsi, Walendu-Bindi, Bahema-Nord, Bahema-Sud, Bahema-Banywagi, Bahema-Badjere. Tuliyataja majina hayo kama mtu anavyotaja mito, vitu vilivyokuwepo tangu dunia iumbwe. Prof akatuuliza mipaka hiyo iliwekwa na nani. Hapo ndipo tulipoanza kusoma amri za kikoloni, ile ya tarehe 2 Mei 1910 juu ya sheferi na ile ya tarehe 5 Desemba 1933 iliyoleta sekta. Mkoloni Mbelgiji alitaka kila kabila liwe na chifu wake na mpaka wake, ili kodi na vibarua vipatikane bila usumbufu. Jina la kabila likawa jina la ardhi, na yeyote aliyekaa juu ya ardhi hiyo akiwa na jina lingine akaonekana mgeni.

Juma lililofuata tulijadili utafiti wa Aidan Southall juu ya Waalur, uliochapishwa mwaka 1956. Humo mnaelezwa jinsi Walendu na Waokebo walivyokuwa wakimchukua mtoto wa chifu wa Kialur aje kukaa kwao, awaletee mvua na kuamua magomvi yao. Darasa zima lilicheka, kisha likaanza kubishana, maana katika habari za nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kwenda kwa jirani kuomba mtawala.

Baadaye tukaingia kwenye dhahabu, iliyogunduliwa mwaka 1903 na kuanza kuchimbwa Kilo mwaka 1905. Tulijifunza kwamba mtafiti Mkongomani, Agayo Bakonzi, alikuwa ameandika tasnifu nzima juu ya migodi ya Kilo-Moto katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1982. Jambo hilo peke yake lilitushtua: migodi iko kwetu, na simulizi yake iko kwenye rafu ng'ambo ya bahari.

Mimi na mwenzangu tulipanda pikipiki kwenda kumhoji mzee mmoja aliyefanya kazi Kilo-Moto ujanani. Alitutazama kwa zamu, akauliza sisi ni watoto wa nani. Tulipomwambia alicheka. "Basi leo nitasema polepole," akasema. Alikumbuka posho hadi mwisho: mchele, samaki wa chumvi, mawese. Kisha akasema machifu walikuwa wanakamata vijana na kuwapeleka migodini kwa nguvu. Nilikuwa nimeshaliandika hilo wakati mwenzangu alipouliza kwa adabu, "Mzee, wewe mwenyewe ulikamatwa?" Akanyamaza kidogo. "Aliyekamatwa ni baba yangu. Mimi nilienda mwenyewe. Nilitaka baiskeli."

Jibu hilo lilitupa sura nzima ya kazi yetu. Ndani ya sentensi moja ya mzee mlikuwa na nyakati mbili, ya baba aliyelazimishwa na ya mtoto aliyetafuta mshahara. Bila swali lile tungeziandika kuwa wakati mmoja, na mzee asingekuwa amesema uongo.

Miaka ya 1999 hadi 2003, ya vita vya Wahema na Walendu, Prof aliiweka mwisho. Wote tuliokaa pale tulikuwa watoto wa vita hivyo. Tulikumbuka Mei 2003, mji ulipopiganiwa mtaa kwa mtaa, na askari wa operesheni Artemis ya Umoja wa Ulaya waliofika mwezi uliofuata. Prof hakutuomba tusimulie. Alituletea hukumu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, akasema tuzisome kwa jicho la mwanahistoria.

Tarehe 14 Machi 2012 majaji walimkuta Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo, na hatia ya kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Mjini tulijua hivyo tu. Ndani ya hukumu kulikuwa na jambo jingine: majaji walikataa kutegemea maneno ya mashahidi waliojitambulisha kuwa walikuwa askari watoto, kwa sababu ya jinsi watu wa kati waliotumiwa na waendesha mashtaka walivyohusika kuwapata. Uzito mkubwa ukawa kwenye ushahidi mwingine, ikiwemo video ya kambi ya Rwampara, hapa karibu na Bunia, ya tarehe 12 Februari 2003. Kisha zikaja kesi za viongozi wengine wa wanamgambo, juu ya shambulio la kijiji cha Bogoro la tarehe 24 Februari 2003: Mathieu Ngudjolo aliachiwa Desemba 2012, na Germain Katanga akakutwa na hatia tarehe 7 Machi 2014, semina ikiendelea. Redio zilitangaza, mitaa ikagawanyika. Wengine walishangilia, wengine walinung'unika. Darasani tuliulizana: majaji walikuwa na ushahidi gani juu ya huyu ambao hawakuwa nao juu ya yule? Kwa mara ya kwanza nilisikia vijana wa Bunia wakizungumza juu ya Bogoro kwa saa nzima bila mtu kusema "ninyi" na "sisi".

Semina haikuondoa vita. Mwishoni mwa 2017 Djugu iliwaka tena, na Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi. Sasa mimi ni mwalimu wa sekondari, na darasani mwangu wamo watoto waliotoka kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Wanakuja na habari kamili za nyumbani, zenye mkosaji anayejulikana, kama tulivyokuja sisi. Siwaambii kwamba wazazi wao wanadanganya. Ninawapa daftari na kuwapanga wawili wawili.

Wazee waliouona ukoloni kwa macho yao wanakwisha, na mashahidi wa 1999 wameanza kuzeeka. Wewe uliye chuoni Bunia, Mahagi au Aru, mtafute mwenzako wa nyumba nyingine, mwende kwa mzee mmoja kabla mwaka haujaisha. Andikeni jina lake kama ameruhusu, andikeni tarehe, na mbele ya kila neno lake andikeni kama aliona au aliambiwa. Kazi hiyo haihitaji ruzuku wala kibali cha kutoka Kinshasa.