Herufi Sita za Saratani ya Taya

Sisi wa Munanila twaishi juu, penye baridi, na mbu kwetu ni wachache kuliko kule chini ziwani. Sikujua ya kuwa jambo hilo lahusiana na saratani mpaka niliposoma habari za Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Baada ya muda mfupi akamwona wa pili huko Jinja. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari tangu Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Wakaona ugonjwa ule wakaa penye joto na malaria nyingi, bali katika milima ya Rwanda na Burundi, jirani zetu, ni nadra.

Mtoto wa mjomba wangu, ambao walihamia kando ya Ziwa Tanganyika, aliupata. Wazee walisema ni jino, wakamfunga majani shavuni. Uvimbe huo waweza kuzidi maradufu kwa siku moja au mbili! Alipofika Mwanza akatiwa dawa mshipani, nao ukanywea upesi vilevile. Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe usomaye sayansi, ni kitu gani kikuacho hivyo?" Nilimjibu kwa Kiha, na neno la protini sikulipata.

Ndani ya chembe hai mna DNA, nyuzi mbili zilizosokotwa kama kamba, zenye herufi nne: A, T, C na G. Protini iitwayo MYC huziamuru jeni zikuzazo chembe. Ikiwa peke yake imelegea, haina umbo. Ikikutana na mwenzake, MAX, husokotana wakawa kama koleo la mhunzi, na miguu miwili ya koleo huingia katika mfereji wa DNA. DNA ina chaji hasi, na miguu ile ina chaji chanya, basi huvutana. Lakini huko ni kushika tu, si kusoma. Asomaye ni asidi amino: glutamati hugusa C na A, arjinini hugusa G ya katikati. Neno litafutwalo ni CACGTG. Liandike, kisha chini yake andika uzi wa pili, T chini ya A na G chini ya C, ukausome kutoka kulia: utapata CACGTG tena. Kwa hiyo kila mguu hukuta herufi zilezile upande wake. Kwangu mimi jambo hili lapendeza kuliko hesabu zote za kidato cha nne.

Katika mtu mzima wa afya MYC hutengenezwa kwa kiasi. Lakini chembe nyeupe zitengenezazo kingamwili hukata DNA yao wenyewe ili kuziboresha, na malaria isiyokoma huzichochea, pamoja na virusi vya Epstein-Barr, vilivyoonekana mwaka 1964 katika uvimbe uliopelekwa London kutoka Uganda. Pengine mkato huungwa vibaya: jeni ya MYC hutoka kromosomu ya 8 ikabandikwa katika ya 14, kando ya jeni ya kingamwili isiyolala. Hilo liligunduliwa mwaka 1982. Herufi zisomwazo ni zilezile; kilichoharibika ni kiasi.

Dawa alizopewa ndugu yangu huua kila chembe igawanyikayo haraka, ndiyo maana nywele zake zilinyonyoka. Wataalamu wangependa dawa izuiayo koleo lisifunge juu ya DNA. Kazi ni ngumu, kwa kuwa MYC iliyolegea haina tundu ambamo dawa ingeingia ikakaa.