Madam, leo nitachelewa

Mwaka jana, majina ya TP yalipobandikwa, nilikuta nimepangiwa sekondari moja ya kata upande wa Kisarawe. Wenzangu wengi walipata shule za Temeke na Kinondoni. Nilipewa pole za kila aina. Mwenzangu wa chumbani aliniambia, "Wewe wamekutupa porini," akacheka mpaka akakaa chini. Ni kweli Kisarawe ni Mkoa wa Pwani, siyo Dar, lakini ukiwa Gongo la Mboto unaikaribia kuliko unavyokaribia Posta. Na Gongo la Mboto anakaa mama yangu mdogo. Nikabeba begi langu kutoka Chang'ombe, nikahamia kwake kwa wiki nane.

Siku mbili za kwanza nilipanda daladala. Siku ya pili nilishuka nikiwa na alama ya kiatu cha mtu kwenye sketi, na mwalimu mkuu alikuwa amesimama getini. Jioni ile nilipiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi kwa siku zote zilizobaki, nikaona hela ya kujikimu itaishia kwa makonda. Nyuma ya nyumba ya mama mdogo kulikuwa na baiskeli ya kaka, mtumba wa Japani wenye gia sita, tatu ndizo zinazofanya kazi. Ilikuwa inaanikiwa nguo. Fundi alibadilisha tyubu ya nyuma na waya mmoja wa breki, akatia mafuta kwenye mnyororo, nikawa nimepata usafiri.

Mama mdogo hakupenda. "Mwalimu mzima, tena mtoto wa kike, juu ya baiskeli gizani?" Nikamkumbusha kwamba barabara ile ilishamzoea mwalimu. Julius Nyerere alikuwa anafundisha Pugu, enzi hizo ikiitwa St. Francis' College, na wazee husimulia kwamba alikuwa akitembea kwa miguu kuja mjini kwenye mambo ya TANU. Machi 1955 aliacha kazi baada ya kutakiwa achague moja, ualimu au siasa. Barabara ya Pugu ya zamani ndiyo leo inaitwa Barabara ya Nyerere. Mama mdogo akasema, "Sawa, lakini Nyerere hakuvaa sketi." Kwa hiyo nilikuwa naendesha na trakisuti, sketi ya TP nimeikunja kwenye begi, nabadilisha stoo ya shule kabla ya paredi.

Wengi mmeniuliza njia ikoje, maana mwaka huu tumeanza kwenda kikundi kila Jumamosi. Ukitoka Chang'ombe unatafuta TAZARA, halafu ni Barabara ya Nyerere moja kwa moja: Uwanja wa Ndege, Banana, Ukonga, Mombasa, Gongo la Mboto. Hapo hakuna raha yoyote. Ni vumbi, honi na bodaboda wanaokuja upande wako. Wahi kutoka, ikifika saa moja umechelewa. Raha inaanza Pugu Kajiungeni, pale njia zinapogawana, moja inakwenda Chanika na nyingine Kisarawe. Ukishika ya Kisarawe, nyumba zinapungua, barabara inaanza kupanda, na ghafla hewa inabadilika. Mwezi wa saba kuna ubaridi pale ambao mtu wa Tandika hawezi kuamini kwamba ni wa karibu na Dar. Vilima vya Pugu siyo virefu, havifiki hata nusu ya Uluguru, ila miguu yako haitajua tofauti.

Msitu wenyewe ni hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani ilisambaa sana ukanda huu. Ndani yake kuna mapango yaliyoachwa na machimbo ya kaolini, sasa ni makazi ya popo. Kuna bwawa la Minaki. Kuna aina ya komba mdogo sana anayeitwa kwa jina la Rondo, kule Lindi, ambaye duniani kote anapatikana kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Sijawahi kumwona. Nimesikia tu vilio vya usiku, na siku ya kwanza kuvisikia nilikanyaga pedeli kama nimeibiwa.

Lakini kitu nilichokuja kukiona kila siku ni wabeba mkaa. Wanashuka wakati wewe unapanda. Unaanza kusikia mlio wa mnyororo mkavu, kisha giza lenyewe linasogea: magunia mawili au matatu ya lumbesa yamefungwa kwa mipira ya tyubu, na mtu huyaoni magoti wala uso wake. Wengi siku hizi wamehamia kwenye pikipiki. Aliyebaki na baiskeli ni yule asiye na hela ya mafuta. Breki hazitoshi kwa mzigo ule, kwa hiyo mguu mmoja unakandamizwa kwenye tairi la mbele. Ndiyo maana wengine wanavaa katambuga, maana ndala inaisha kwa wiki.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, nilikuwa nimeshuka nasukuma baiskeli kwenye mteremko mkali (nakiri, nilikuwa nashuka na kusukuma). Baiskeli ya mkaa ikanipita taratibu, halafu kutoka nyuma ya magunia sauti ikasema, "Shikamoo madam."

Nikaitikia marahaba kabla sijafikiri. Baiskeli ikasimama kwa shida, mguu ukiburuzika. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, anayekaa dirishani na kusinzia kipindi cha kwanza. Nilikuwa nimeshaliandika jina lake mara tatu kwenye daftari la wachelewaji, kwa sababu sisi wa TP ndio tuliowekwa getini kumsaidia mwalimu wa zamu. Tulitazamana. Hakujitetea. Alisema tu, kwa heshima kabisa, kama mtu anayetoa taarifa ofisini:

"Madam, leo nitachelewa."

Alifika saa mbili na robo, amenawa uso, mikono bado myeusi kwenye kucha. Daftari nilikuwa nalo mimi. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama pembeni yangu. Ningependa kuwaambia kwamba sikuandika. Niliandika. Akaenda kufyeka majani nyuma ya vyoo mpaka kipindi cha pili, na mimi nikaingia darasani kufundisha.

Mchana nilimfuata mwalimu wake wa darasa, mama wa makamo, nikamweleza kwa sauti ya chini kama nimegundua siri. Akaendelea kusahihisha. "Unadhani hatujui? Anaishi na bibi yake. Mkaa siyo wake, analipwa kwa tripu. Ukimzuia barabarani anaacha shule. Ukimwacha, anafeli mtihani wa kidato cha pili. Wewe mwanachuo, huko mmefundishwa tufanye nini?" Haikuwa kejeli. Alitaka kweli kujua. Nilipitia kichwani kozi zote za saikolojia ya elimu nilizosoma, na zote nilifaulu, sikupata la kumjibu.

Mbaya zaidi, wiki iliyofuata andalio langu la Jiografia lilikuwa kuhusu matumizi endelevu ya misitu. Nilifikiria kuruka mada, lakini msimamizi kutoka chuoni angeweza kuja siku yoyote. Nikafundisha. Nikauliza sababu za kupotea kwa misitu, mikono ikanyooka: kilimo, moto, mbao, mkaa. Niliandika "mkaa" ubaoni nikiwa nimelipa darasa mgongo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilipogeuka, yule kijana wa dirishani alikuwa amenyoosha mkono. Aliuliza kwa Kiswahili, na sikumkatisha.

"Madam, nyumbani kwenu mnapikia nini?"

Darasa lilicheka, wakidhani ni utani. Nyumbani kwa mama mdogo tuna jiko la gesi sebuleni limefunikwa kitambaa, la chai ya wageni. Maharage yanapikwa kwa mkaa. Usiku wa jana yake mimi mwenyewe nilikuwa nimenunua kopo mbili kwa jirani. Nikasema, "Mkaa." Kicheko kikaisha. Kisha tukawa na kipindi kizuri kuliko vyote nilivyofundisha, kwa sababu sikuwa tena na jibu la kuwapa. Walijadili wao. Mmoja alisema wakate wachache kwa vibali. Mwingine akasema wa mjini ndio waache kununua. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Niliwaambia hivyo. Yule kijana akahesabu kwa vidole, akasema, "Nitakuwa na miaka ishirini na sita." Sikujua alimaanisha kwamba ni karibu au ni mbali.

Baada ya hapo nilifanya kidogo nilichoweza, na naomba msikisifie. Nilikuwa namnakilia notisi za vipindi alivyokosa. Nilimwomba mwalimu wa darasa amhamishe kutoka dirishani kwenye jua la usingizi, akahamishwa. Tulikubaliana tukae nusu saa jioni kwa hesabu. Alikuja mara mbili, ya tatu hakuja, nami nilikuwa na haraka ya kuwahi msitu kabla ya giza. Wiki nane zikaisha. Msimamizi alinipa maksi nzuri. Kwenye fomu yake hakukuwa na sehemu ya kuandika habari za mlima.

Januari, matokeo ya kidato cha pili yalipotoka, mwalimu wa darasa alinitumia ujumbe mfupi: "Amepata four. Anaendelea na cha tatu." Nilikuwa kwenye foleni ya chakula. Nilipiga kelele mpaka muuza wali akaniuliza kama nimeingiziwa boom. Four! Mwanangu angepata four ningenuna wiki nzima.

Jumamosi moja mwezi wa tatu tulikuwa sita tunapanda, wawili wakiwa na helmeti na zile nguo za kubana. Mvua ilikuwa imenyesha, majani yamelala barabarani. Tukiwa tumepumzika kwenye kona, ukaja ule mlio wa mnyororo mkavu, na "Shikamoo madam" kabla sijaona mtu. Amerefuka. Baiskeli ni ileile. Mwenzangu mmoja alinong'ona, "Unamfahamu huyu?" Nikasema ni mwanafunzi wangu, yuko kidato cha tatu.

Hakutaka maongezi mengi, mzigo unasubiriwa Gongo la Mboto. Ila alikuwa ameshaitazama baiskeli yangu. "Breki ya nyuma imelegea hiyo, madam. Utashukaje?" Akaomba mtu amshikie magunia. Wale wawili wa helmeti wakajitokeza, na mzigo ulipowaegemea walirudi nyuma hatua moja wote kwa pamoja. Yeye akachuchumaa, akatoa koleo mfukoni, akavuta waya, akakaza nati, akazungusha tairi na kusikiliza. Kisha akaniambia kwenye kona ya pili nisishike ya mbele peke yake, kuna mchanga.