Tope Lililotulinda

Nilipoanza utingo mwishoni mwa miaka ya 1990, Kigoma ilikuwa mji wa treni. Reli ilifika hapa 1914, na mfanyabiashara wa Mwanga hapa mjini aliyetaka saruji au sukari kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, aliulizia behewa. Sisi wa malori tulizunguka humuhumu mkoani: mahindi na maharage ya Kasulu, chumvi ya Uvinza, madumu ya mawese. Kilichotuneemesha ni kambi za wakimbizi. Vita vya Zaire vya 1996 vilileta Wakongo kwa maelfu upande wetu wa ziwa, Nyarugusu ikafunguliwa, na mwenye Benzi kuukuu akawa hakosi mzigo wa unga.

Suka wangu, dereva niliyemtumikia, alikuwa ameajiriwa na mzee mmoja wa Ujiji. Mshahara ulikuwa mdogo, wala hakukuwa na karatasi iliyoandikwa, lakini posho ya safari ilitoka. Masika gari likizama njia ya Kibondo, tulilala chini ya turubai siku kadhaa, na chakula chetu kilikuwa juu ya tajiri. Springi ikikatika, tulituma salamu kwa dereva wa basi, spea ikaja na basi linalofuata.

"Mimi nauza usukani tu, mdogo wangu," alikuwa akiniambia. "Gari likifa, limekufa la mzee."

Nilipopata leseni yangu ya daraja E, matajiri walikuwa wamekwisha kusoma hesabu hiyo. Wengi waliacha kuajiri, wakaanza kutoa gari kwa mkataba. Unakabidhiwa Fuso, kila mwezi unapeleka hesabu mliyokubaliana, na muda ukiisha kadi ya gari inabadilishwa jina, linakuwa lako. Mafuta, tairi, bima, faini ya mizani, ujira wa utingo, vyote mzigo wako. Ukilaza hesabu mara mbili tatu, tajiri anachukua ufunguo, na ulichokwisha kulipa kinahesabika kama kodi. Nilisaini. Nani asingesaini? Kwa mshahara wa suka nisingenunua hata injini.

Miaka ile mkataba ulilipa, na leo ndipo ninapoelewa sababu. Wenye semi-trela wa Dar hawakuthubutu kuleta magari yao huku. Barabara ilikuwa inavunja chesisi, na misitu ya Kibondo na Kasulu ilikuwa na majambazi kiasi kwamba mabasi yalisindikizwa na polisi wenye bunduki. Desemba 2009 mafuriko yalipoikata reli maeneo ya Kilosa, mabehewa yakasimama, na wenye bidhaa wakatugeukia sisi tuliojua kila dimbwi kwa jina. Dalali akitaja bei ya chini, nilipanda garini na kuwasha. Alikuwa akinifuata. Lile tope tulilolilaani ndilo lililotulindia bei, kama ukuta unavyomlinda mwenye shamba.

Faida nyingine ya kujitegemea haikuhusu nauli kabisa. Suka wa kuajiriwa akikutwa na magunia yake mwenyewe juu ya mzigo wa tajiri, kazi imeisha. Mimi nilinunua dagaa mwaloni Kibirizi, nikawapakia juu ya mzigo wa Tabora, nikauza huko kwa faida yangu. Kurudi nilibeba mchele, nikaepuka safari ya kurudi mtupu inayowamaliza wengi.

Mwaka 2015 mambo yote yalifika kwa pamoja. Aprili, kisha Mei, madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, na mojawapo ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Nilisimama pamoja nao, ingawa bosi wangu alikuwa mimi mwenyewe na sikuwa na wa kumdai. Mei hiyohiyo wakimbizi Warundi walifurika Kagunga mpakani, meli ya Liemba ikawavusha hadi Kigoma mjini, na kazi ya kambini ikarudi kwa kishindo. Mwaka uleule likazinduliwa rasmi Daraja la Kikwete pale Malagarasi, na lami ikaendelea kuja vipande vipande, huku kuelekea Tabora, kule kuelekea Nyakanazi.

Tuliishangilia lami, na haki yake ilikuwa kushangiliwa. Tairi zilidumu na familia zilituona. Lakini semi-trela nazo zikaingia, moja ikibeba mzigo wa Fuso tatu, na tajiri wake akiweza kungoja malipo miezi miwili bila kuyumba. Bei ikashuka. Kusubiri hakukuisha ila kulihama, kukatoka porini kukaja mjini, kwenye foleni ya kupakia na kushusha. Hata dagaa wana ratiba yao: mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawatoki, na mwalo unakuwa mkavu. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana, wenzangu wengi wa mkataba walikosa mzigo. Hesabu ya tajiri haikufungwa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza mkataba, kadi ina jina langu, nikaweza kuliegesha gari na kupumua. Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu. Udereva tulijua wote.

Desemba 2022 serikali ilisaini mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Ikikamilika, naona mzigo wa mbali utarudi relini, na semi-trela zitafuata njia nyingine. Lakini reli haitapanda Kalinzi kuchukua kahawa wala Manyovu kuchukua tangawizi. Huko Fuso bado ina maisha.

Kwa hiyo kijana akiniletea karatasi ya mkataba nimsomee, simkatazi. Namuuliza swali moja: siku gari limesimama, nani anakula hasara? Akijibu "mimi", namwambia arudi kwa tajiri kabla ya kutia sahihi, hesabu ya mwezi wa matengenezo makubwa ipunguzwe, na iandikwe kwamba ziwa likifungwa tena, hesabu nayo inasimama. Tajiri anayekataa hayo mawili anatafuta dereva wa kuajiri, ila hataki kumlipa mshahara.