Ukienda Gazi, Uliza Samaki Hula Nini

Msomaji mpenzi, siku utakapochoshwa na moshi na kelele za mjini, vuka feri pale Likoni, upande matatu iendayo Lunga Lunga. Baada ya kilomita 50 hivi kutoka Mombasa, mwambie utingo akushushe Gazi. Utaikuta ghuba tulivu iliyozungukwa na mikoko, na mitumbwi imelala mchangani ikingoja maji yajae.

Mimi nilifika hapo na mshipi mpya, ndoana za dukani, na donge la unga wa ngano nililolikanda na dagaa waliopondwa. Nilijiona fundi, nikawaahidi wenyeji wangu kitoweo cha jioni. Jua likanichoma hadi adhuhuri. Vidagaa wakalidokoa donge langu, likayeyuka, ndoana ikabaki tupu.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia mvuvi mmoja aliyekuwa akinitazama.

"Marahaba, mwanangu. Umewaandalia wageni karamu bila kuuliza wanakula nini."

Maji yalipokupwa alinichukua miambani. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama kwelikweli! Tulichuma mwani, tukaokota kaa wadogo na konokono wa baharini. Tafi, alinieleza, hupenda mwani. Basi mwani hutiwa ndani ya lema, ule mtego uliosukwa kama kapu, ambao mlango wake ni mpana nje na mwembamba ndani. Changu hutaka nyama. Yeye mvulie kwa kipande cha ngisi, kwa kuwa hushika kwenye ndoana na hakiyeyuki kama unga. Makombo ya kaa, yaponde uyatupe majini karibu na mshipi, ili harufu imwite.

Nilimwuliza kwa nini ajisumbue hivyo, ilhali wapo watu wanaoponda mmea wa utupa na kuumimina majini, samaki wakalewa na kuelea. Mzee alikunja uso.

"Chambo humwalika unayemtaka, mwanangu. Sumu haichagui. Huua mkubwa na kichanga chake. Je, mwaka ujao utavua nini?"

Kisha akanionyesha mwanya mwembamba aliouacha ubavuni mwa lema lake. Tafi wachanga hupenya hapo wakaenda zao, wakubwa wakabaki. Majirani humcheka kwamba anafuga samaki wa wengine. Yeye hajali, ana wajukuu, nao watataka kula.

Jioni ile nilirudi na changu wawili tu, wakapikwa kwa nazi, tukala kwa wali. Kitoweo kilikuwa haba, lakini ahadi ilitimia.

Basi nawe, msomaji, ukienda Gazi na wanao, acha unga nyumbani. Inameni pamoja wakati wa maji kupwa, mtafute chambo. Na mkimnasa aliye mdogo, mrudisheni majini akue.